Kazija Aliyepikiwa Hitima Angali Hai

Sogeeni, wajukuu zangu. Mwenye kikohozi akohoe sasa, asije akanikatiza mbele. Nikisema "Ngano," nyinyi semeni "Ishuke."

Ngano!

Ishuke!

Ngano!

Ishuke!

Ishuke mpaka wapi?

Mpaka tuione!

Bismillahi, naanza. Nikikosea nisahihisheni, sitakasirika, maana chuo nilikisoma nikakiachia njiani.

Hapo kale, kale ya wazee wa wazee wetu, wanyama waliposema na watu wakaitika, palikuwa na kijiji cha kwenye mawe kikiitwa Mtungijiwe. Wanawake wa Mtungijiwe kazi yao ilikuwa kamba. Walifukia makumbi ya nazi matopeni, yakioza wakayafukua, wakayatwanga, wakasokota. Ukienda asubuhi unawakuta wanasokota, ukienda adhuhuri unawakuta wanasokota, ukienda alasiri unawakuta wanasokota na kusengenyana.

Kati ya kijiji na malisho palikuwa na lindi. Lindi ni shimo lisilotaja mwisho wake. Ukitupa jiwe, kimya. Ukingoja, kimya. Ukishasahau kwamba umetupa jiwe, ndipo unasikia: ti!

Na watu wa Mtungijiwe walikuwa na desturi yao. Mtu akitumbukia, wenziwe walikwenda wakasimama mbali, wakamwita jina lake mara tatu. Akiitika, alishushiwa kamba. Asipoitika, basi. Alisaliwa, akapikiwa hitima, wali na nyama, watu wakala wakamwombea. Na wali ule ukishaliwa, mtu yule amekwisha. Jina lake halikuitwa tena pale. Ikisikika sauti kutoka chini, ilisemwa ni jini wa lindi anawaigiza wafu.

Dini haikuwafundisha hayo. Walijifundisha wenyewe kwa woga wao, kisha wakauvisha woga kanzu ukaonekana mtu mzima.

Sasa, alikuwapo mjane mmoja, Mize, na bintiye mmoja, Kazija, mtoto wa umri wa kuanza kusuka ukili wa mikeka. Mize aliliogopa lindi kuliko wote. Akilikaribia magoti yalilegea, akilikaribia zaidi ulimi ulikauka, akilikaribia zaidi alikaa chini akalia. Kwa hiyo hakuipita njia ile. Alizunguka porini, kwenye miba, hata kama alibeba mzigo.

Siku moja mbuzi wao alipotea huko malishoni, na mawingu yametanda.

"Kazija, kamtafute mbuzi."

"Mama, twende sote."

"Nenda wewe, mwanangu. Huoni nina kamba mkononi?"

Hakuwa na kamba mkononi. Kamba ilikuwa sakafuni. Mize alijua, na Mungu alijua.

Mvua ikanyesha. Mbuzi akarudi. Kazija hakurudi.

Watu wakatafuta, wakakiona kiatu chake ukingoni mwa lindi. Wakasimama mbali, wakaita: "Kazija!" Kimya. "Kazija!" Kimya. "Kazija!" Kimya. Kumbe mtoto amezimia chini kule, hasikii la mwadhini wala la mnadi.

Basi akasaliwa. Akapikiwa. Na mbuzi aliyechinjwa, wajukuu zangu, ndiye yule yule. Watu wakala, wakanawa, wakamwombea. Hata Mize alitiwa tonge mdomoni na wanawake wenziwe, "Kula, shoga, usimnyime mtoto thawabu," akalimeza.

Kesho yake wakata kuni wakapita karibu na lindi, wakasikia wimbo:

*Mama, mama, niko huku,*
*Sikufa, nimelala.*
*Mama, mama, wali wangu*
*Nani aliyekula?*

Kuni zilitupwa, shoka zilitupwa, na mmoja alimtupa hata mkwewe aliyekuwa amemshika mkono.

Mize aliposikia habari akakimbilia kwa Mwalimu Vuai, aliyekuwa imamu wao na msemaji wao.

"Shikamoo, Mwalimu. Mwanangu yu hai, anaimba."

"Marahaba, mwanangu. Anayeimba si yeye."

"Sauti ni yake, Mwalimu!"

"Jini akitaka kuiba sauti, ataiba mbovu? Mize, mtoto tumekwisha msalia, na wali umekwisha liwa. Unataka nikawaambie nini watu? Watapike?"

Akakimbilia kwa Bi Mwaka, shoga yake wa chanda na pete, waliyekaa naye mkeka mmoja wakisokota tangu usichana.

"Shoga, nipeleke mpaka ukingoni. Unishike mkono tu."

Bi Mwaka hakuinua macho. "Nimekula, Mize. Hata mwiko niliulamba. Na tafadhali, usinisimulie habari za sauti. Usinisimulie kabisa." Akageukia ukutani.

Akapiga hodi mlango wa tatu, hakufunguliwa. Akarudi nyumbani, akakaa sakafuni palepale penye kamba.

Akasema, "Ee Mola, nimemtuma mtoto mahali ninapopaogopa mimi mtu mzima. Kisha nikala wali wake. Sasa nichukue mimi, mtoto umtoe." Lakini Mungu hafanyi biashara ya namna hiyo. Hakumchukua. Mize akabaki mzima, na woga wake mzima.

Siku ile ya kwanza alichemsha muhogo, akaenda. Alipofika penye mchongoma, magoti yakalegea. Akaurusha muhogo kutoka pale kwa nguvu zake zote. Muhogo haukufika hata ukingoni, ukaliwa na siafu. Wimbo ukaja:

*Mama, mama, niko huku,*
*Sikufa, nimelala.*

Yale ya wali hakuyaimba tena. Mize akarudi analia.

Siku ya pili akalala kifudifudi, akatambaa kuupita mchongoma, mpaka majani yanapokoma. Ulimi ukakauka. Akarusha muhogo, ukaingia lindini. Akangoja, akangoja. Ti!

"Mama, muhogo umeangukia mbali! Mguu wangu haunichukui!"

"Jikokote, mwanangu!"

"Nimejikokota. Nimefika kwenye jiwe linalodondosha maji, nalilamba. Sifiki kwingine."

Mize akauma majani. Alikuwa ameshinda kutwa nzima kuvuka mahali ambapo mbuzi hupita akicheua, na mtoto hakupata hata kipande. Afadhali asingejaribu, alijisemea. Afadhali asingemsikia.

Siku ya tatu akatambaa mpaka ukingoni kwenyewe. Akaegemeza kidevu jiweni, macho ameyafumba. Wimbo ukaja, nao ulikuwa neno moja tu:

*Mama.*

Hapo akajua kwamba kurusha hakutoshi. Chakula kingefika kwa mkono au kisingefika. Na mkono uliokuwapo ulikuwa wake.

Popo alikuwa ananing'inia chini kidogo ya ukingo. Mize akamwambia, "Popo, wewe ni mwenyeji wa humu. Nipandishie mwanangu."

Popo akasema, "Mimi hubeba embe, tena bivu. Mtoto wako embe?"

Kima alikuwa juu ya mti anajikuna. Mize akamwambia, "Kima, wewe una mikono. Nipandishie mwanangu."

Kima akasema, "Ningeshuka, bibi wee, lakini nami nilipata ukoko wa hitima ile. Nimekula sawasawa na wenzangu."

Mize akalaza uso jiweni akasema, "Basi nimekwisha."

Ndipo kaa wa nchi kavu akatoka kwenye ufa, ubavuubavu, kama anayepita mbele za watu wanaosali. Akasema, "Bibi, sogeza pua yako. Umeniziba mlango."

"Kaa, wewe unatoka chini?"

"Natoka chini."

"Lindi hili lina urefu gani?"

"Sijui. Sijapata kuliona."

"Unaishi humo na hujaliona?"

"Naliangalia saa ngapi? Naangalia jiwe ninalolikanyaga. Nikimaliza naangalia jingine. Wali wenu sikualikwa, kwa hiyo sidaiwi. Ukitaka, nifuate. Lakini lipe lindi mgongo, na jiwe lipe uso."

"Nitaanguka, Kaa."

"Huenda. Sikuahidi kitu."

Hakumpa maneno matamu, wajukuu zangu. Angempa, Mize asingeyaamini. Akajifunga kanga kiunoni, muhogo ndani yake, akalipa lindi mgongo, akateremsha mguu hewani huku analia waziwazi.

Kaa akauliza, "Jiwe lipo?"

"Lipo."

"Mguu upo juu yake?"

"Upo."

"Basi, la mbele si lako bado."

Akateremsha mwingine. Jiwe likamomonyoka, likaenda zake chini. Mize akapiga ukelele, popo wote wakaruka, wakatoka lindini kama moshi, mchana kweupe. Akaning'inia kwenye mizizi, mkojo ukamtoka. Nalisema hilo kwa sababu ni kweli, wala si aibu kwake.

"Jiwe lipo?"

"Halipo!"

"Papasa."

Akapapasa. "Lipo."

"Mguu upo juu yake?"

"Upo."

"Basi, la mbele si lako bado."

Chini zaidi, mwanga ukawa mdogo, baridi ikaingia. Mize akasimama, akakataa. "Hapa ndipo mwisho wangu. Kushuka siwezi, kupanda siwezi. Niache nife hapa."

Kaa akasema, "Kufa hapa ni kugumu, hapana nafasi. Shuka kidogo, pana nafasi zaidi."

Mize akacheka. Kicheko kibaya, cha mtu aliyemaliza machozi. Akateremsha mguu. Jiwe lipo. Lipo. Mguu upo. Upo. Akaenda hivyo, hivyo, hivyo, mpaka mguu ukakanyaga tope, na Kaa akasema, "Mimi nimefika, bibi," akaingia ufani. Hakuagana naye.

Mize akatambaa gizani akipapasa. Akashika kitambaa, akashika mkono mwembamba, una joto. Kazija alikuwa amejikunja chini ya jiwe linalodondosha maji, mguu umevimba kama kisiki. Mama akatafuna muhogo, akamlisha mdomo kwa mdomo, kama kinda.

Mtoto alipopata sauti akauliza, "Mama, wali wangu ulikuwa mzuri?"

Mize angeweza kusema hakuula. Akasema, "Nilimeza tonge moja. Nisamehe."

"Mimi nisingekula wako," akasema Kazija, akalala mapajani pake.

Macho ya Mize yalipozoea giza, akaona kwamba hawakuwa wawili. Akatazama, akageuza uso, akamwekea Kazija kiganja machoni.

Kisha akatazama juu. Mwanga ulikuwa mdogo kama tundu la sindano. Njia ile aliijua sasa, jiwe kwa jiwe, lakini akiwa na mtoto mgongoni haipandiki. Alijaribu. Akapanda kidogo, akaanguka. Akapanda kidogo, akaanguka. Akapanda kidogo, akaanguka, na Kazija akalia kwa mguu wake, "Mama, acha. Tukae tu." Mize akakaa. Tundu la juu likamwonekea kama la kaburi kabla halijafukiwa.

Sasa twende juu. Watu wa Mtungijiwe walipoona popo wamefunika jua, wakajua lindini kuna jambo. Wakaja wote, wakasimama mbali kama kawaida yao. Wakasikia sauti:

"Jamani! Ni mimi Mize! Nishushieni kamba!"

Wengine wakawa tayari wanakimbia. Sauti ikasema:

"Msikimbie! Mimi sijapikiwa!"

Wakasimama. Wakatazamana.

"Kweli, huyu hajapikiwa."

"Hata mchele haujachambuliwa."

"Asubuhi nilimwona kwa macho yangu anachemsha muhogo."

Mwalimu Vuai akajikuna kidevu. Akasema, "Huyu... huyu kamba ni halali yake."

Kamba zikaletwa nyumba kwa nyumba, zikaungwa, zikateremshwa. Mize akaipata, akaifunga kifuani mwa Kazija, fundo la wasokota kamba, lisilofunguka mpaka lifunguliwe. Akaitikisa.

Wakavuta. Mmoja akasema, "Mbona mwepesi? Mize ana mwili wake."

"Amekonda kwa huzuni, masikini. Vuta."

Wakavuta, wakavuta, wakavuta. Kikatokeza kichwa chenye nywele za mtoto, uso wa mtoto, macho ya yule waliyemlia hitima.

Lo! Mikono ikaachia. Wa nyuma aliachia, wa kati aliachia, na Mwalimu naye, Mungu amrehemu, aliachia. Kamba ikaserereka kurudi chini.

Mtu mmoja tu hakuachia. Bi Mwaka. Kamba ilimchuna viganja, ikamburuta mpaka akakita visigino kwenye jiwe la ukingoni, na damu inamtiririka.

"Shikeni!" akapiga kelele. "Shikeni, wana wa hasara nyinyi! Na mimi mwanangu aliita! Mwinyi wangu aliita kutoka humu, na hitima yake nilipika mimi mwenyewe! Nilijiziba masikio kwa makumbi ili nisimsikie! Shikeni!"

Hakuna aliyekuwa na habari hiyo. Alikuwa amekaa nayo miaka yote, akisokota.

Mwalimu Vuai akapiga hatua moja. Akasimama. Akapiga ya pili. Akaishika kamba nyuma ya Bi Mwaka. Kisha mwingine akashika, na mwingine, wamefumba macho kama wanaoshika nyoka. Wakavuta, Kazija akatoka, akalazwa majanini.

Wakamzunguka, hakuna wa kumgusa. Mwalimu akamtolea salamu kwa sauti ya chini, kama anayepima maji kwa kidole.

"Asalamu alaikum, Kazija."

"Waalaikum salaam, Mwalimu. Wali haukubaki hata kidogo?"

Mwalimu akakaa chini akajifunika uso kwa kilemba.

Wakamtoa na Mize. Alipofika juu hakusimama. Alitambaa mbali na ukingo kwa tumbo, kama alivyokuja. Woga wake alikuwa ameshuka nao na akapanda nao, haukupungua hata ratili.

Bi Mwaka akamfuata akachuchumaa, viganja vimefungwa kanga, vinavuja.

"Shoga yangu. Huko chini kuna mtu mwingine?"

"Yupo," Mize akasema.

"Amelala?"

Mize alitaka kusema amelala. Angesema, mimi nisingemlaumu. Akasema, "Amekaa. Ameegemea ukuta, uso ameuelekeza juu."

Bi Mwaka akaelewa, na kila aliyekuwapo akaelewa. Aliyeanguka akafa hakai. Mtu hukaa akiwa anangoja.

Hapakulia mtu. Watu walitazama mawe ya lindi, kila mmoja akiwakumbuka wa kwao, waliowaita mara tatu wakaenda kula.

Bi Mwaka akavua viatu.

"Unakwenda wapi?" Mwalimu akauliza. "Mama, kule ni mifupa sasa."

"Kwani mifupa haina mama?"

"Na viganja hivyo?"

"Nifungeni kamba kiunoni. Naogopa mno."

Mize akasema, "Hata mimi ningali naogopa. Twende nikuoneshe jiwe la kwanza."

Wakatambaa pamoja, wanawake wawili watu wazima, mpaka ukingoni. Bi Mwaka akageuka, akateremsha mguu, akapapasa. Akakaa hivyo muda mrefu, mguu hewani, watu wamekamata kamba hawapumui. Halafu wakamsikia anasema, "Lipo."

Jioni ile Mtungijiwe ilizika. Haikupika.

Ngano yangu imepanda, ikakaa ukingoni inahema. Mkitaka funzo, chukueni hili: Mize hakungoja woga uishe, maana usingeisha, alikwenda nao, jiwe baada ya jiwe. Na la pili, baya zaidi: hatua ndogo ile ile, ingepigwa mapema, Mwinyi wa Bi Mwaka angekuwa babu wa babu wa mtu leo. Kazija aliishi, akachechemea, akaolewa, akazaa. Na wapo waliokataa kula sahani moja naye mpaka wakaingia makaburini. Mungu atusamehe sisi na wao.

Mimi nimekoma. Aliyelala asiamshwe, lakini mtikiseni kwanza muone kama anapumua, kabla hamjaniambia nianze kuchambua mchele.